Kadi Iliyolala Kifudifudi

Katika miaka yake yote sitini na minne, Tyyne Ruona hakuwahi kuamini jambo lolote alilosimulia kaka yake Waino kabla ya kwenda kulihakikisha kwa macho yake mwenyewe. Si kwa ubaya. Mji mzima ulimchukulia hivyo. Waino alikuwa mpiga chuku wa kutajika: samaki wake wote walikuwa na urefu wa mlango, dubu wote aliokutana nao msituni walimpisha njia, na katika mgodi wa chuma alikofanya kazi miaka thelathini na mmoja aliwaokoa watu ambao, ukiwauliza wenyewe, walikwambia siku hiyo hata zamu hawakuingia. Watu walimpenda kwa hayo. Walimkaribisha kahawa ili aendelee kuwadanganya.

Kwa hiyo Jumatano ile hospitalini, Waino alipomwambia daktari kwamba aliuona mwili wake mwenyewe kutoka juu, manesi walitazamana wakabana vicheko. Jana yake saa nne asubuhi, katika chumba hichohicho namba nne, moyo wake ulikuwa umesimama kwa dakika nne na nusu. Walimrudisha kwa kumkandamiza kifua mpaka mbavu mbili zikavunjika, na sasa alikuwa amelala chali, mweupe kama unga, na bado anaongea.

Daktari Marit Brandvold hakucheka. Alikuwa amesubiri miaka miwili mtu wa kumwambia maneno hayo. Ni yeye aliyepigilia rafu ndogo karibu na dari katika vyumba vinne vya wodi ya moyo, na juu ya kila rafu ikawekwa kadi yenye picha iliyotazama juu. Aliyelala haioni. Aliyesimama haioni. Angeiona yule tu ambaye kweli ametoka mwilini akaelea huko juu, kama walivyodai wengi waliorudi kutoka kufa. Hata daktari mwenyewe hakujua ni picha gani. Zilitoka chuo kikuu zimefungwa, akaja mtu akazipanga akaenda zake, na jina la kila picha likabaki ndani ya bahasha yenye lakiri. Mlangoni palibandikwa tangazo: rafu isiguswe, picha isitazamwe.

"Haya, Waino," daktari alisema, kalamu mkononi. "Ulipokuwa huko juu, uliona nini karibu na dari?"

"Kirafu."

"Na juu ya rafu?"

"Kadi."

Daktari alisogea mpaka ukingoni mwa kiti. "Ina picha gani?"

"Haina picha."

"Fikiri taratibu. Hatuna haraka."

"Daktari, mimi naumwa moyo, siumwi macho. Ni kadi ya kahawia, tupu. Ina utepe wa bluu kwenye kona, na alama ya duara katikati, kama mtu aliyeweka kikombe kilicholowa. Nikajiuliza, mwendawazimu gani huyu anayekunywa kahawa darini?"

Daktari alichana bahasha. Aliisoma karatasi iliyokuwamo, akaisoma tena, kisha mabega yakamshuka. Picha ya chumba namba nne ilikuwa ya jogoo mwekundu aliyesimama juu ya piano. Akaandika neno moja kwenye fomu yake: hapana.

"Pole, Waino," alisema nesi Denise, mwanamke mnene mwenye huruma na mdomo usio na breki. "Ungesema samaki ungekaribia."

Wakacheka wote, na Waino naye akacheka kwa mazoea, akishika mbavu zake. Halafu akageukia ukutani. Tyyne, aliyekuwa kwenye kiti pembeni na sare yake ya usafi, aliliona sikio la kaka yake likiwa jekundu. Tangu utotoni lilikuwa hivyo. Ukimwita mwongo alicheka, lakini siku moja moja, aliposema kweli na bado akaitwa mwongo, sikio lilimwiva.

Tyyne hakumfariji. Ile alama ya duara aliijua. Aliiweka yeye.

Hapa lazima ieleweke Tyyne alikuwa mtu wa namna gani. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amesafisha wodi ile, na hapakuwa na mtu aliyepata kuliona vumbi mahali alipopita. Mama yao aliwalea kwenye nyumba ambayo sakafu ilisuguliwa kila Jumamosi kabla ya kuingia sauna, kile chumba cha kuogea kwa mvuke, na Tyyne aliamini, ingawa mchungaji hakuwahi kulisema hivyo, kwamba uchafu na dhambi ni watoto wa baba mmoja. Sasa mtu anakuja, anapigilia rafu juu ya kitanda cha mgonjwa, halafu anasema isiguswe! Vumbi lilianza kujikusanya huko juu. Miezi kumi, Tyyne alivumilia. Kila akipita chini yake alihisi kuwashwa. Jumanne moja alikuta chembe zimeanguka kwenye shuka la mgonjwa, basi, uvumilivu ukamwisha. Akaleta ngazi.

Lakini alikuwa mwaminifu kwa namna yake. Tangazo lilisema picha isitazamwe, naye hakuitazama. Alifumba macho, akapapasa, akaipata kadi, akaigeuza ndipo akafumbua. Akafuta rafu. Akapumzisha chupa yake ya dawa mgongoni mwa kadi wakati akisugua kona. Na alipomaliza akafikiri: nikiilaza picha ikitazama juu, vumbi litaikalia tena, nikiilaza kifudifudi, itabaki safi. Akailaza kifudifudi, akashuka, akaridhika. Kwa miezi kumi na minne hakuona kosa lolote. Tena alijiona amewasaidia.

Jioni ile aliketi jikoni kwake na kahawa ikapoa mbele yake. Mkate wa iliki aliouoka kwa ajili ya Waino ulikuwa mezani haujakatwa.

Mambo mawili yalimsumbua. La kwanza, kama Waino aliiona kadi ile, basi kanisani kwao walikuwa wamefundishwa vingine. Waliambiwa aliyekufa hulala usingizi mpaka siku ya tarumbeta, si kuelea darini akikagua mazingira. Alimpigia simu mchungaji, mzee asiyependa maneno mengi, akamuuliza moja kwa moja.

"Tyyne," mchungaji alisema baada ya kukohoa, "mimi nimewazika watu mia nne na zaidi. Hakuna aliyerudi kunisahihisha. Kaka yako ana amani?"

"Anayo. Hata inaudhi."

"Basi hilo la dari muachie Mungu."

La pili ndilo lililomsumbua zaidi. Waino alikuwa anakufa. Madaktari walishasema: moyo umechoka, ni wiki kadhaa, labda mwezi wa sita ataufikia. Miaka sabini na mmoja amewachekesha watu kwa uongo, na sasa mwishoni alikuwa amesema jambo moja la kweli, wakamcheka. Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyeweza kusimama na kusema Waino hakudanganya. Na mtu huyo, ili aseme hivyo, ilimpasa kwanza akiri kwamba kazi yake safi ya miaka kumi na tisa ilikuwa na doa. Tyyne aliona aibu kujigundua anasita. Alisita kweli, kwa saa nzima.

Asubuhi alimkuta Daktari Brandvold ofisini akila tufaha.

"Daktari, ile kadi ya chumba namba nne imelala kifudifudi."

"Samahani?"

"Mimi ndiye niliyeigeuza. Mwaka jana, mwezi wa pili. Nilikuwa nafuta vumbi."

Daktari aliacha kutafuna. Alitoka, Tyyne akamfuata na ngazi, na Waino kutoka kitandani akawatazama wakiingia kama mafundi wa bomba. Daktari alipanda mwenyewe. Mashine ya moyo ililia taratibu.

"Kahawia," alisema huko juu. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Tupu. Utepe wa bluu kwenye kona."

"Na duara?" aliuliza Waino.

"Na duara."

"Mwambie Denise," Waino alisema, akafumba macho na kutabasamu.

Daktari alishuka, akaketi kwenye ngazi ya chini kabisa, akaanza kucheka, na katika kucheka machozi yakamtoka. "Miezi kumi na minne! Watu sita wamerudishwa humu ndani. Sita! Nimewauliza wote kama waliona picha, wote wakasema hapana. Na kulikuwa hakuna picha!"

"Nisamehe, daktari. Vumbi lilikuwa linaanguka kitandani."

"Tyyne, ngoja. Nataka unijibu hili kwa makini kuliko kitu kingine chochote." Alipangusa macho, na uso wake ukarudi kuwa wa kazi. "Wewe na kaka yako mnakunywa kahawa pamoja kila jioni. Uliwahi kumwambia habari za kadi hii? Utepe? Chupa yako?"

Tyyne alifungua mdomo kusema hapana. Aliitaka sana hiyo hapana. Akakumbuka jioni zote zile jikoni, akilalamika kuhusu wodi, kuhusu manesi wasiojua kumwaga taka, kuhusu rafu. Kuhusu rafu alilalamika, hilo alikuwa na hakika nalo. Lakini utepe? Chupa?

"Sijui," alisema. "Siwezi kuapa."

"Na wewe, Waino?"

"Dada'angu akianza kulalamika, mimi masikio nayafunga kama duka naenda zangu. Miaka hamsini sasa."

"Hata masikio yaliyofungwa husikia," daktari alisema, bila ukali. "Hapo ndipo shida ilipo. Ubongo ukikosa damu hauzimiki mara moja kama taa. Kusikia kunabaki hadi mwisho kabisa, na ukirudi unachukua vipande vya hapa na pale, sauti, kumbukumbu, jambo uliloambiwa ukiwa umesinzia, unavishona vinakuwa picha. Mtu hadanganyi. Ameona kweli. Ila kaona alichoshona mwenyewe." Akatazama dari. "Au alikuwa pale juu. Sijui. Ningetoa mkono wangu mmoja nijue. Lakini kadi imeguswa na dada wa mgonjwa, na dada hawezi kuapa. Kwenye utafiti wangu, hii haihesabiki."

"Kwa hiyo utaacha lile neno hapana?" Tyyne aliuliza.

Daktari alichukua fomu, akalikata lile neno kwa mstari. Pembeni akaandika sentensi moja, akaigeuza ili Waino aisome. Mgonjwa alieleza kwa usahihi hali halisi ya kadi, sababu haijulikani.

Waino aliisoma mara mbili, midomo ikicheza. "Kwa usahihi," alirudia. "Kwa maandishi. Na mhuri utapiga?"

Akapiga.

Tyyne alipewa barua ya onyo, ya kwanza katika maisha yake, akaiweka kwenye droo ya uma na vijiko ambapo angeiona kila siku. Alidhani itamchoma. Haikumchoma hata kidogo. Waino alirudishwa nyumbani Ijumaa, nyumbani kwa Tyyne, maana kwake Waino kulikuwa na ngazi nyingi, na Denise mwenyewe alikuja kumwona na chungu cha supu na akaomba radhi kwa sauti ya juu, kama afanyavyo kila jambo.

Zikawa wiki nzuri. Haifai kusema hivyo kuhusu mtu anayekufa, lakini zilikuwa nzuri. Theluji iliyeyuka, njia ya kwenda sauna ikaonekana, na Waino akakaa barazani na blanketi akiwapokea wageni. Ajabu ni kwamba chuku ziliisha. Watu walikuja kusikia habari za dari, wakitegemea malaika na tarumbeta, naye akawapa rafu na kadi ya kahawia, basi. Wengine waliondoka wamevunjika moyo.

Alasiri moja ya mwezi wa tano walikuwa wawili tu, na mkate wa iliki katikati yao.

"Tyyne. Wewe unaniamini?"

"Nilibeba ngazi kukutetea, unauliza nini tena?"

"Ulimwambia daktari huwezi kuapa."

"Siwezi. Kuapa ni kitu kingine." Alikata kipande cha mkate, akakipaka siagi mpaka pembezoni, jinsi alivyopenda kaka yake. "Nakuamini, Waino. Sijui ni kwa nini, na nikifa nitaulizwa. Lakini nakuamini."

Sikio la Waino lilikuwa na rangi yake ya kawaida.

"Basi nikwambie ambalo sikumwambia daktari. Kadi niliitazama kidogo tu. Mtu ana shughuli gani na kadi? Nilikuwa nakutazama wewe. Ulikuwa mlangoni, umekumbatia ndoo. Niliona utosi wako, nywele zimekuwa chache hapa katikati, sikujua. Na ulikuwa unanitukana kwa Kifini."

Tyyne aliweka kisu chini. Ilikuwa kweli. Jumanne ile, wakati wanamkandamiza kifua, alisimama mlangoni akisema kwa lugha ya mama yao, tena na tena: usithubutu, mjinga wewe, rudi hapa.

"Huenda ulisikia," alisema. "Daktari alisema kusikia kunabaki."

"Huenda. Sibishi. Lakini sikiliza nilivyokuwa. Unajua ukitoka sauna usiku wa baridi, ukakaa nje kwenye benchi, mvuke unakutoka mwilini, na huhitaji kitu chochote, hata koti? Ndivyo nilivyokuwa. Nilikuwa mzima, Tyyne. Nikakutazama pale chini nikakuonea huruma, maana kati yetu wawili wewe ndiye uliyeonekana mgonjwa. Ndiyo maana nikarudi. Ukaita, nikaja. Na kurudi kuliuma kuliko mbavu zote."

Upepo ulipita kwenye misonobari. Tyyne alijua kinachofuata kabla hakijasemwa, na alitamani kuziba masikio yake mwenyewe.

"Ile karatasi ya daktari, ya kukataa kurudishwa, nimeshaitia sahihi," Waino alisema. "Hawatanikandamiza tena. Wao siwahofii. Nakuhofia wewe na sauti yako. Kama unaniamini kweli, safari ijayo usiniite."

"Unaniomba nikae kimya? Mimi?"

"Najua. Ni kama kumwomba dubu asile."

Alicheka, Tyyne naye akacheka, halafu akalia, na Waino akamwacha alie bila kumwambia nyamaza. Baadaye akasema, "Sawa," na wakaumaliza mkate.

Ilikuja siku ya tisa ya mwezi wa sita, Jumamosi, jua likiwa bado juu. Tyyne alikuwa amewasha sauna. Aliporudi ndani kuchukua taulo alimkuta Waino kwenye kitanda chake karibu na dirisha, anapumua kwa kusitasita, pumzi moja, kisha kimya kirefu, kisha nyingine. Aliketi, akamshika mkono. Mkono ulikuwa na uvuguvugu. Alihesabu muda kati ya pumzi na pumzi, ukarefuka, na maneno yakampanda kooni kwa Kifini, yaleyale, yakafika hadi kwenye meno. Akayameza. Katika maisha yake alikuwa amebeba ndoo, ngazi na majeneza mawili ya wazazi, na hakuwahi kubeba kitu kizito kama kimya kile.

Pumzi nyingine haikuja.

Alingoja. Saa ya jikoni iligonga, gari la jirani likapita. Tyyne alipanga blanketi, akajifuta uso kwa taulo alilolifuata. Ndipo akawaza kwamba, kama yupo, yuko juu, na kwamba kutoka huko anaona utosi tu na nywele chache. Hapo hakujali chuo kikuu wala mchungaji wangesema nini. Akainua uso akaitazama dari, dari nyeupe isiyo na utando wala vumbi, ili Waino amwone uso vizuri, na amwone kwamba haumwi. Alikaa hivyo mpaka shingo ikamchoka. Kisha akaenda sauna kuteka maji ya uvuguvugu ya kumwoshea.